Kochi la Mtu Mmoja: Njia na Maana ya Neno "Kochi" kutoka Pwani hadi Didia

Kwa mafundi seremala wa miji midogo iliyo kandokando ya barabara ya Tinde hadi Shinyanga, Didia ikiwemo, makochi huhesabiwa kwa idadi ya watakaoyakalia: kochi la watu watatu, la watu wawili, la mtu mmoja. Hesabu hiyo haimshangazi Mtanzania yeyote. Inapaswa, hata hivyo, kumshangaza mwanaleksikografia, kwa sababu neno la Kiingereza linalochukuliwa kuwa asili ya kochi, yaani "couch", halikubali kuwa la mtu mmoja. Mwingereza mwenye kiti cha aina hiyo hukiita kwa jina jingine kabisa. Makala haya yanatetea hoja mbili: kwamba maana ya kochi si maana ya "couch", na kwamba hata njia ambayo neno lenyewe lilipita haikutoka moja kwa moja katika kinywa cha Mwingereza.

Tuanze na maana. "Couch" ni neno lililoingia katika Kiingereza cha zama za kati kutoka Kifaransa, katika kitenzi chenye maana ya kulaza au kulala, ambacho nacho kina mzizi wa Kilatini wenye maana ya kuweka kitu mahali pake. Kwa karne nyingi lilimaanisha kitanda au mahali pa kujinyoosha, na harufu hiyo ya kulala haijaliacha: kitanda cha mgonjwa katika chumba cha daktari huitwa hivyo, na vivyo hivyo kile alicholazia wagonjwa wake Sigmund Freud, ambacho leo kimehifadhiwa katika nyumba yake ya makumbusho jijini London. Kwa hiyo kiini cha neno hilo ni urefu. Katika Kiswahili kiini kimehamia kwenye ulaini. Kiti chochote cha sebuleni chenye mito au sponji ya kukalia na kuegemea, kiwe kirefu au kifupi, ni kochi. Benchi, hata likiwa na urefu wa kumlaza mtu mzima, si kochi. Kamusi inayoeleza kochi kuwa kiti kirefu tu inaeleza neno la Kiingereza, si la Kiswahili.

Sasa njia. Kuna mambo mawili yanayotia shaka juu ya ukopaji wa moja kwa moja. La kwanza ni la kihistoria. Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kilichotawala Tanganyika tangu kumalizika kwa Vita Vikuu vya Kwanza hadi 1961, kimezoea zaidi maneno "sofa" na "settee" kwa fanicha ya sebuleni. "Couch" kama neno la kawaida la kila siku ni la Marekani zaidi. "Settee" halikuacha alama katika Kiswahili. Seti tunayoitaja tunaposema seti ya makochi ni neno lingine, lenye maana ya jumla ya vitu vinavyokwenda pamoja.

La pili, na lenye uzito zaidi, ni la kifonolojia. Irabu unganifu iliyomo katika "couch" huingia katika Kiswahili kama mfuatano wa /a/ na /u/: tuna gauni, blauzi, taulo, skauti, akaunti na kaunta. Kwa kanuni hiyo tungetarajia *kauchi. Irabu /o/ ya kochi inaliweka neno hili katika kundi la koti, boti, noti na goli, ambayo yote yametokana na irabu nyingine ya Kiingereza. Kwa maneno mengine, umbo la kochi ni umbo la mtu aliyelisikia neno likiwa tayari na /o/. Ni nani huyo aliyelitamka hivyo?

Jibu linalowezekana zaidi liko ng'ambo ya bahari. Katika Kimarathi na Kigujarati, "couch" la Kiingereza lilikwisha kuwa "koch", likimaanisha kiti kirefu chenye mito. Wasemaji wa lugha za magharibi mwa India, Wagujarati na Wakachi mbele yao, ndio waliokuwa wafanyabiashara wa maduka na, kwa sehemu kubwa, mafundi wa mbao katika miji ya pwani kuanzia Unguja hadi Mombasa. Abdulaziz Lodhi, katika utafiti wake wa mwaka 2000 juu ya athari za lugha za Mashariki katika Kiswahili, ameonyesha jinsi msamiati wa nyumba, biashara na ufundi ulivyosheheni maneno yaliyopitia mikononi mwa watu hao. Godoro ni la kwao. Randa, chombo ambacho seremala wa Didia hulainishia mbao, lina asili ya Kiajemi lakini limepitia India.

Ushahidi wa jirani ni kabati. Neno la Kiingereza linaishia kwa sauti /d/, na Kiswahili hakina tatizo na sauti hiyo: kadi, bodi na kadibodi zimebaki nayo. Mbona basi si *kabadi? Kigujarati kina "kabat" kwa maana ileile, na Kiarabu cha Ghuba nacho kina "kabat" kwa sanduku la nguo la kusimama. Hapa tunaona bahari nzima ikitumia umbo moja la neno la Kiingereza ambalo Waingereza wenyewe hawalitamki hivyo. Kochi na kabati vilisafiri pamoja na vikakaa sebule moja.

Uaminifu wa kitaaluma unataka tutaje poda. Neno hilo lina irabu ileile ya "couch" katika Kiingereza, na limepata /o/. Linaweza kuchukuliwa kuwa kipingamizi, lakini poda pia ni bidhaa ya dukani, na njia yake haina budi kuchunguzwa kabla haijatumiwa kama shahidi wa upande wowote. Kwa sababu yake naandika "linalowezekana zaidi" na si "lazima".

Kutoka pwani hadi Usukuma hakukuwa na fumbo. Reli ya Tabora hadi Mwanza, inayopita Shinyanga, ilikamilika mwaka 1928, na pamba ikawavuta wafanyabiashara wa Kihindi waliomiliki viwanda vingi vya kuchambulia, hadi vyama vya ushirika, vilivyoungana katika Victoria Federation mwaka 1955, vilipoanza kuichukua biashara hiyo. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na kuleta mishahara. Dhahabu ya Geita na Bulyanhulu, katika migodi mikubwa iliyofunguliwa mwaka 2000 na 2001, imeleta fedha za aina nyingine. Kochi lilikuja likiwa kitu cha kununuliwa, pamoja na bati na kabati.

Lakini nafasi lililoikuta haikuwa tupu. Kisukuma kina isumbi, wingi masumbi, yaani kigoda au kiti, na kwa mtemi isumbi halikuwa samani bali utawala. Katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, jengo la watemi limejengwa kwa umbo la kiti hicho cha enzi. Pwani nako kuna kiti cha enzi. Kiswahili kwa jumla kimezoea kuyapandisha cheo maneno ya mahali pa kuketi: baraza la mawe nje ya nyumba limekuwa baraza la mawaziri, mwenye kiti amekuwa mwenyekiti, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha kiti cha uprofesa kwa heshima ya Nyerere mwaka 2008 kilikiita kigoda. (Diwani ni kisa cha kuchekesha zaidi: neno la Kiajemi na Kiarabu lililomaanisha daftari na baraza limeishia Ulaya kuwa fanicha ya kujilaza, na kwetu limekuwa mjumbe wa kata.)

Kochi halikupanda. Hakuna mwenyekochi. Mgeni anayeingia sebuleni Didia huambiwa "karibu kiti", hata pale ambapo chumba kizima hakina kiti ila makochi, na hakuna anayeona kasoro. Kiti kimebaki na heshima. Kochi limechukua starehe na kipato. Vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa juu ya migongo na mikono ya makochi vinalinda kitu kilichogharimu fedha, na mtoto hukatazwa kurukia kochi kwa ukali ambao kigoda hakijawahi kuupata.

Kisarufi, kochi limetulia. Ni la ngeli ya LI-YA, kochi/makochi, sawasawa na isumbi/masumbi, na msemaji wa Kisukuma hana la kujifunza hapo. Mpinzani wake, sofa, bado anatangatanga: wengine husema sofa hii na sofa hizi, wengine sofa hili na masofa haya. Sofa limekuja kupitia Kiingereza ingawa mzizi wake ni suffa ya Kiarabu, neno ambalo Waislamu wa pwani wanalijua kwa Ahlu Suffa, masahaba waliokaa katika ukumbi wa msikiti wa Mtume Madina. Kutangatanga huko kwa ngeli ni dalili ya ugeni. Kwa mafundi na wanunuzi wengi mgawanyo wa kazi umeanza kujitokeza: makochi ni yale yenye fremu ya mbao inayoonekana, ya mninga kwa mwenye uwezo, na mito inayotoka; sofa ni ile iliyofunikwa kitambaa kote, yenye umbo la dukani mjini.

Ikiwa mgawanyo huo utashika, kamusi itahitaji vidahizo viwili visivyoelezana kwa usawe, na kidahizo cha kochi kitahitaji mabadiliko mengine mawili: fasili inayoanzia kwenye mito badala ya urefu, na alama ya asili inayotaja Kigujarati au Kimarathi kabla ya Kiingereza. Alama moja ya Kiingereza iliyozoeleka inamtaja aliyelitunga neno na kumfuta fundi aliyelileta.