Bakuli Lenye Ufa

Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, mafundi walichonga zidaka za chokaa kwenye ukuta wa ndani, na humo zikapangwa sahani za kauri kutoka China. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyalilia madaka kama hayo huko Pate, yaliyokwisha kuwa makao ya ndege.

Kwetu hapakuwa na kidaka, ila rafu ya mbao iliyopinda. Kila usiku wa kuamkia Idi mama aliipangusa, akaweka bakuli la bibi, ufa wake akaugeuzia ukutani. Idi ya kwanza bila yeye nililiweka mimi. Ufa nikauelekeza kwetu: mkono wake ndio ulioustiri, nao haupo.