Kutoka Hifadhi hadi Tengefu: Lugha na Mamlaka ya Uvuvi Mdogo katika Pwani ya Kenya

Msamiati wa wavuvi wa pwani ya Kenya ni hazina ya historia isiyoandikwa. Katika msamiati huo zana hutofautishwa kwa jinsi zinavyomfikia samaki. Mshipi humvua mmoja mmoja. Dema, mtego wa kusukwa, huwa na matundu ambayo vitoto vya samaki huweza kutokea. Uzio hutegemea kujaa na kupwa kwa maji. Majira nayo yana majina yake. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Oktoba, bahari huchafuka na vyombo vidogo huvuka mwamba kwa taabu. Hivyo basi, samaki wa nje ya mwamba walipata nafasi ya kupumzika bila ya kuwapo sheria iliyoandikwa.

Hata hivyo, si sahihi kudai kwamba kila desturi ya kale ilikuwa uhifadhi. Mara nyingi kilichozuia uvuvi wa kupindukia ni udogo wa vyombo, wala si nia ya mvuvi. Wavuvi walipoongezeka na juya likaenea, mizani hiyo ilivurugika. Juya hukokotwa juu ya sakafu ya bahari, likazoa wakubwa kwa wadogo na kuharibu nyasi na matumbawe. Mwaka 2001 serikali ya Kenya ililipiga marufuku, lakini katika baadhi ya fuo liliendelea kutumika.

Njia nyingine ya dola ilikuwa imetangulia. Mwaka 1968 zilianzishwa hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambamo uvuvi umekatazwa. Neno hifadhi, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kulinda. Na hapa mlinzi alikuwa serikali. Samaki walinusurika, ila mvuvi alikuta mpaka umekwisha kuchorwa na wengine.

Mwaka 2005 wanajamii wa Kuruwitu, katika Kilifi ya leo, walichukua njia tofauti: walifunga wenyewe eneo la hekta 30 hivi. Maeneo ya namna hii yakaja kuitwa tengefu, neno linalotokana na kitenzi tenga, yaani kuweka kando. Mwaka 2007 kanuni za serikali ziliwapa wavuvi vikundi vya kusimamia fuo vilivyotambuliwa kisheria, na mwaka 2017 Kuruwitu ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya mamlaka. Anayetenga ni yule yule aliyekuwa akivua mahali hapo, naye ndiye wa kwanza kubeba hasara, kwani mwenye mtumbwi wa kasia hawezi kwenda mbali kutafuta kitoweo kingine. Kwa sababu hiyo tengefu hudumu pale tu ambapo wavuvi wanaoathirika wameshiriki kuuweka mpaka, na jirani wa ufuo wa pili ameukubali. Sera ya uvuvi isiyojua maana ya neno hilo kwa wenyewe itaendelea kuandika marufuku ambazo juya huzipita usiku.