Mfongo na Bomba: Nani Alipie Mfereji?

Masama, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, maji hayakushuka bure. Yalichepushwa mitoni huko juu karibu na msitu, yakaongozwa kwa mifereji ambayo Wachaga huiita mifongo, hata yakafika vihambani penye migomba. Wasafiri wa karne ya 19 waliistaajabia kazi hiyo, na mwaka 1974 mwanazuoni Fidelis Masao aliiandikia historia.

Kanuni ya mfongo ilikuwa wazi. Ukoo uliouchimba ndio wenyewe, na mzee wake ndiye aliyeusimamia. Wengine walipata zamu ya maji kwa kushiriki kuuzibua na kuutengeneza, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Asiyefika kazini alitozwa faini. Akikaidi, alinyimwa zamu. Ankara ya mfongo ilikuwa jasho, na jasho hata fukara analo.

Mfereji wa majitaka una tabia nyingine. Mfongo humletea mtu neema mlangoni. Bomba la majitaka humwondolea uchafu, na anayenufaika zaidi ni jirani aliye bondeni. Ndiyo maana ni vigumu watu kulilipia kwa hiari, na miji ikalazimika kutunga sheria. Uingereza, mwaka 1531, enzi ya Mfalme Henry VIII, makamishna wa mifereji walipewa mamlaka ya kuwatoza wenye ardhi kwa kadiri ya ardhi yao na ya faida waliyopata, au madhara waliyoepushwa. Mifereji ile ilikuwa ya kuondoa mafuriko, lakini hoja yake ilidumu. Baadaye miji mingi ya Marekani iligawa gharama za kujenga mabomba kwa wenye viwanja, mara nyingi kwa kupima upana wa kila kiwanja kando ya barabara.

Chini ya Masama uko mji wa Moshi, uliokua baada ya reli ya kutoka Tanga kufika mwaka 1911. Huko anayejiunga na mtandao wa majitaka hubeba gharama ya kujiunga, kisha hulipa ada inayohesabiwa kwa maji aliyotumia, kwa bei zinazoidhinishwa na EWURA. Lakini ada hudai shilingi, wala haipokei jembe. Nyumba nyingi bado hutegemea mashimo, hata pale ambapo bomba halipo mbali.

Hapa busara ya mfongo haitoshi peke yake. Mkaidi wa mfongo aliponyimwa zamu, kiu ilikuwa yake. Asiye na bomba akiachwa nje, kipindupindu hakitachagua mlango wake pekee. Basi haki ya mfereji wa majitaka ni kwamba gharama ya ujenzi ibebwe na wote wanaokaa mteremko mmoja, kila mmoja kwa uwezo wake, na asiye na shilingi aruhusiwe kulipa kidogo kidogo au kwa mikono yake.

Majitaka ya Moshi huishia katika mabwawa ya Mabogini, kusini mwa mji. Yakishatulia na kusafishwa humo, wakulima huyaelekeza kwenye majaruba ya mpunga. Bomba limegeuka mfongo tena. Na kila anayekula wali ule amekwisha kuingia katika hesabu ya mfereji.