Sauti ya Siti katika Nyumba ya Kigobe

Mnamo mwaka 1928 Siti binti Saad alitoka Unguja akavuka bahari hadi Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice. Santuri zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono haikuhitaji umeme: sindano ilitikisa kiwambo, pembe ikaikuza sauti.

Gramafoni za umeme zilileta haja ya priamplifaya. Sindano ya sumaku hutoa sehemu chache tu za elfu za volti. Priamplifaya huzikuza kabla ya kuzipeleka kwenye amplifaya. Tena, wakati wa kurekodi sauti nene hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, nayo huzirudisha katika hali yake. Kipimo kimoja cha kazi hiyo kilipangwa Marekani mwaka 1954. Kabla ya hapo kila kampuni ilifuata chake, kwa hiyo priamplifaya ya bei kubwa isiyo na swichi ya vipimo vya kale (na nyingi hazina!) humnyamazisha Siti nusu.

Mimi nilikuwa nayo ya namna hiyo hapa Kigobe. Neno moja la Siti nililisikia lina 't', nikawaeleza wanafunzi kwamba bibi yule amekopa Kimvita, kama 'mato' kwa 'macho'. Baadaye nilipata priamplifaya kuukuu ya valvu, yenye swichi hiyo. Usiku mmoja, umeme uliporudi, nikaigeuza: 'ch', waziwazi. Asubuhi nililifuta somo langu ubaoni mbele ya darasa zima.