Pini moja, kazi tatu: historia fupi, na vifaranga wa mama

Ni siku nyingi sijaandika hapa, kazi imenibana. Leo nawaletea historia kidogo, lakini nitaanza na vifaranga wa mama, maana bila wao nisingejisumbua kuisoma.

Mama anafuga kuku kule Nyahururu, na aliyewahi kulala huko anajua baridi yake si mchezo. Nilimtengenezea kidude cha kulinda joto: bodi ya ESP32, kihisi joto cha DS18B20, na rilei ya kuwasha taa ya vifaranga. Mezani kwangu kilifanya kazi. Kwa mama kilifanya kazi wiki mbili. Kisha usiku mmoja stima ikapotea, ikarudi baada ya dakika chache. Asubuhi mama akanipigia simu: "Mwanangu, hicho kidude chako kimelala, na vifaranga wamelala nacho." Walikufa 34.

Nilipekua programu yangu mstari kwa mstari, sikuona kosa. Kosa lilikuwa kwenye pini. Ili mnielewe, turudi nyuma zaidi ya miaka hamsini.

Mwaka 1971 Intel walitoa 4004. Chipu hiyo ilikuwa na pini 16 tu. Anwani ya biti 12 ilipita kwenye nyaya nne kwa mikupuo mitatu, kisha agizo la biti 8 likarudi kwa mikupuo miwili kupitia nyaya zile zile. Mnaona? Tangu mwanzo kazi zilizidi pini. Transista ndani ya chipu ziliendelea kuongezeka, lakini kila pini ni kipande cha chuma kinachotaka pesa na nafasi. Ni kama kile chumba ambacho mchana ni duka na usiku ni cha kulala. Hakuna ubaya, ila wageni wasije saa moja.

Mwaka 1980 ikaja 8051, ambayo wengi wetu tulikutana nayo chuoni. Pini 40. Nane ni za umeme, kristali, reseti na mambo ya memori ya nje. Zilizobaki 32 ni poti nne. Ukiongeza memori ya nje, poti 0 na poti 2 zinachukuliwa, pini 16 zimekwenda! Kila pini ya poti 3 nayo ina kazi ya pili: mawasiliano ya serial, intarapti, taima, kusoma na kuandika memori ya nje. Ukitaka kazi hiyo ya pili, lazima kwanza pini iwe imeandikiwa 1. Ukiacha 0, inabaki chini na hutapata kitu. Kulikuwa pia na pini ya EA: ukiifunga chini, chipu inakwenda kutafuta programu nje badala ya ndani. Ishike hiyo, tutairudia.

Familia zilizofuata zilirithi tabia hiyo. PIC16F877A ikiamka, poti A iko upande wa analogi, na usipobadilisha ADCON1 utasoma sifuri mpaka uchoke. ATmega16 na ATmega32 zinatoka kiwandani JTAG ikiwa imewashwa, kwa hiyo PC2 hadi PC5 zinakugomea. Kwenye ATtiny85 unaweza kuigeuza pini ya reseti iwe pini ya kawaida, lakini programa ya kawaida haitaifikia tena chipu hiyo. Utahitaji programa ya volti 12.

Mwaka 2005 Arduino ilianza, na majina haya yote yakafichwa nyuma ya namba rahisi. Ilitusaidia sana, sikatai. Lakini hata kwenye Uno, pini 0 na 1 ndizo hizo hizo zinazopitisha programu kutoka USB. Namba haikuambii hilo.

Kisha mwaka 2016 ikaja ESP32. Ndani yake unaweza kupeleka karibu ishara yoyote kwenye karibu pini yoyote. Nilidhani ugomvi umekwisha. Kumbe! GPIO6 hadi 11 ni za memori ya flashi. GPIO34 hadi 39 ni za kuingiza tu. ADC2 inagombana na WiFi. Na chipu inapoamka husoma hali ya GPIO0, 2, 5, 12 na 15 ili iamue iamke vipi. Ni ndugu wa ile EA ya 8051. Ikikuta GPIO12 iko juu, inaipa flashi volti 1.8. Flashi ya bodi yangu inataka 3.3, kwa hiyo programu haisomeki.

Mimi kihisi nilikiweka wapi? GPIO12. Na DS18B20 inataka rezista ya kilo-ohm 4.7 ya kuivuta data juu. Mezani nilikuwa nachomeka kihisi bodi ikiwa imeshawaka. Kwa mama pia nilikichomeka mwisho. Usiku ule stima iliporudi, vyote viliamka pamoja. Wakati huo programu yangu haikuwa imeanza, kwa hiyo pinMode ningeiandika hata mara mia isingesaidia.

Nilihamisha waya hadi GPIO27. Rilei nayo niliifunga upande wa NC, ili bodi ikifa taa iwake. Siku hizi kabla ya kushika soda nachora jedwali: pini, hali yake chipu ikiamka, kazi yake kwenye programu. Halafu nachomeka kila kitu na kukata stima mara kumi. Ningefanya hivyo mapema, 34 wale wangekuwa wanataga.

Nilimnunulia mama vifaranga wengine. Kidude bado kipo, lakini stima ikipotea usiku huwa anaamka kwenda kukiangalia. Simlaumu.

Haya, tuonane tena.