Jina la Mwandishi na Lawama za Songea
Kinjeketile, mganga aliyechochea Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905. Songea Mbano, nduna (kiongozi wa vita) wa Wangoni, alinyongwa mwaka 1906, na mji wa Songea ukabaki na jina lake. Hata hivyo, waliopita sekondari wengi humjua zaidi yule wa kwanza, kwa sababu mwandishi Ebrahim Hussein alimtungia tamthilia, Kinjeketile, mwaka 1969. Msomaji wa Songea, ambako Makumbusho ya Maji Maji yako pamoja na kaburi la halaiki la mashujaa, ana haki ya kuuliza: mbona Wangoni wamewekwa pembeni?

Hussein alijihami mapema. Katika utangulizi alieleza kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, si yule wa historia. Naona hapo ndipo alipojijengea heshima: alitaja mipaka ya kazi yake, kisha akawaachia wahakiki wabishane. Baadaye aliacha kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaishi mbali na majukwaa. Jina halikufifia, maana leo ipo tuzo ya ushairi inayoitwa kwa jina hilo.

Yupo atakayesema ukimya wake ni kiburi, hasa mbele ya jamii iliyonyang'anywa viongozi wake. Hoja ina uzito. Lakini tamthilia moja haiwezi kulipa deni la kumbukumbu. Wapo wengine waliobeba sehemu yake: Padre Elzear Ebner wa Peramiho aliandika historia ya Wangoni, na Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea kuomba msamaha, huku ukoo wa Mbano ukiendelea kudai fuvu la nduna.