Kibodi za mkupuo: Wasioona wamezitumia kwa miaka mingi

Abiria aliyesimama ndani ya matatu kwenye barabara ya Waiyaki, akirejea Mountain View jioni kutoka katikati ya jiji la Nairobi, huwa na mkono mmoja tu ulio huru. Kibodi ya kawaida haimfai hapo. Kibodi ya mkupuo, inayovaliwa mkononi, inaweza kumfaa.

Kibodi ya aina hii huandika herufi kwa kubonyeza kitufe kimoja au vitufe kadhaa kwa wakati mmoja, jinsi mpiga kinanda anavyotoa sauti nyingi kwa pamoja. Vitufe 5 hutoa michanganyiko 31, ilhali 6 hutoa 63 na 8 hutoa 255.

Mhandisi wa Marekani, Douglas Engelbart, alionyesha kibodi ya vitufe vitano hadharani mjini San Francisco mnamo Desemba 9, 1968, katika maonyesho yale yale aliyozindua kipanya cha tarakilishi. Baadaye ilikuja Twiddler, inayofungwa kiganjani, kisha Tap Strap, yenye pete tano za vidole, ambayo hutambua vidole vilivyogonga meza au hata paja.

Nchini Kenya, hata hivyo, fikra hii si ngeni. Mashine ya breli ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham na kuanza kutengenezwa kwa wingi mwaka wa 1951, ina vitufe sita vya nukta vinavyobonyezwa kwa mkupuo. Mwanafunzi asiyeona aliyefunzwa mashine hiyo tayari anao ujuzi ambao wengine hulazimika kuanza kuutafuta upya.

Upungufu wa mashine hiyo ni kwamba huandika kwenye karatasi pekee, na programu ya tarakilishi haiandikwi kwenye karatasi. Ndiyo maana hatua ya shirika la inABLE, lililoanzishwa mwaka wa 2009, kufungua maabara ya tarakilishi katika Shule ya Wasioona ya Thika ilikuwa na uzito. Aidha, simu za iPhone ziliruhusu uandishi wa breli kwenye kioo kuanzia mwaka wa 2014, na zile za Android kuanzia 2020.

Anayeanza hushauriwa kujifunza herufi chache kila siku. Katika Tap Strap, kidole gumba ni A, cha shahada E, cha kati I, cha pete O na kidole cha mwisho U. Mpangilio huo unawafaa waandishi wa Kiswahili, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Utafiti wa Twiddler uliochapishwa mwaka wa 2004 ulionyesha kuwa wanafunzi walifikia wastani wa maneno 47 kwa dakika baada ya saa 25 hivi za mazoezi.

Kuandika programu ni kugumu zaidi. Tarakimu, mabano na nuktamkato hazitoshei katika michanganyiko 31, hivyo mwandishi hugonga mara mbili au tatu, au hubadili safu. Kosa la alama moja huweza kukwamisha programu nzima.

Kwa abiria wa matatu, kibodi hii ni ya kumrahisishia kazi. Kwa kijana asiyeona, yaweza kuwa njia ya kupata ajira.